Kibarua kikiota nyasi, anza na kalenda

Wengi wanaonijia baada ya kufukuzwa kazi huanza na matusi waliyotukanwa: bosi alisema nini, mbele ya nani, kwa sauti gani. Huwa nawasikiliza hadi mwisho, maana kudhalilishwa kunauma, wakati mwingine kuliko kukosa mshahara wenyewe. Kisha naomba vitu viwili: tarehe ya kuajiriwa na hati za mshahara za miezi ya karibuni. Nikiviweka mezani kando ya barua ya kuachishwa kazi, mara nyingi sababu ya kweli huonekana hapo hapo.

Kabla sijaanza kuwashauri wafanyakazi nilikaa ofisi ya mishahara, kwa hiyo najua hesabu hizi zinavyopigwa. Mwajiri mwenye mkono wa birika ni nadra kufukuza kwa hasira tu. Hufukuza mtu anapokaribia kumgharimu: kipindi cha majaribio kikielekea ukingoni, mwezi mmoja kabla ya likizo ya uzazi, muda mfupi kabla ya kutimiza miaka inayompa haki ya kiinua mgongo, au mara baada ya kudai saa za ziada. Kosa hutafutwa baadaye, ili barua ipate cha kusema.

Mama mmoja alikuwa mtunza stoo kwa miaka minane. Barua yake ilisema "upotevu wa mali". Nilipomuuliza nini kilitokea kabla ya barua, alikumbuka kwamba siku tisa nyuma alikuwa ameandika kuomba malipo ya saa za ziada. Akatoa kwenye mkoba daftari la mistari lililochakaa pembe. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na pembeni herufi moja: ya kwanza ya jina la mlinzi aliyemfungulia geti usiku huo. Mwajiri alikuwa amedai kwamba hana kumbukumbu yoyote ya saa hizo. Na kwenye hati za mshahara za miezi mitatu mfululizo palikuwa na makato yaliyoandikwa "hasara ya stoo", bila hesabu ya stoo, bila kikao, bila hata kumuuliza.

Hayo makato peke yake ni kesi. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Pendekezo Na. 85 la mwaka huo huo linakwenda mbali zaidi: makato ya hasara yafanyike tu pale inapoonyeshwa wazi kwamba mfanyakazi ndiye aliyesababisha, yasizidi hasara yenyewe, na yeye apewe nafasi ya kujitetea kwanza. Bahili anayapenda sana makato ya aina hii kwa sababu humpa faida mara mbili. Leo yanapunguza mshahara, kesho yanageuzwa kuwa ushahidi wa kosa.

Kuhusu kufukuzwa kwenyewe, msingi umo katika Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982. Lazima iwepo sababu halali, inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji wa kazi. Anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa. Kulalamika dhidi ya mwajiri kwamba amevunja sheria si sababu halali, wala kukosekana kazini kwa likizo ya uzazi. Na mfanyakazi hapaswi kubeba peke yake mzigo wa kuthibitisha kwamba ameonewa. Si nchi zote zilizouridhia, na unaruhusu walio kwenye majaribio waachwe nje, kwa hiyo soma sheria ya nchi yako. Hata hivyo sheria nyingi za kazi zimejengwa juu ya mawazo haya haya.

Jihadhari pia na kosa la zamani linalofukuliwa. Ulichelewa mwaka juzi, bosi akajua, akanyamaza. Leo umedai haki yako, kuchelewa kule kunageuka dhambi kubwa. Pendekezo Na. 166, pia la 1982, linamhesabu mwajiri aliyenyamaza hivyo kuwa ameachilia haki yake ya kukufukuza kwa kosa hilo, ikiwa muda wa kutosha ulipita tangu alipojua.

Sisemi kila anayepunguza watu ni mwonevu. Biashara huyumba kweli, na mwajiri mwaminifu huweza kuonyesha vitabu vyake na kuzungumza na watu wake mapema. Anayenitia shaka ni yule anayesema nafasi yako imefutwa, kisha baada ya wiki chache mtu mwingine anakaa kwenye kiti kile kile kwa mshahara mdogo. Ukisikia hivyo, hifadhi tangazo la kazi hiyo.

Mtego ninaouchukia kuliko yote ni ule wa sauti ya upole: "Jiuzulu mwenyewe, uondoke kwa heshima." Heshima anayoilinda ni ya mfuko wake, kwa kuwa anayejiuzulu kwa hiari mara nyingi hupoteza notisi, kiinua mgongo na njia ya kulalamika. Usiandike barua hiyo ukiwa umesimama mbele ya meza yake. Vivyo hivyo karatasi ya malipo ya mwisho yenye maneno "sina dai lolote". Siku ulizofanya kazi na likizo uliyojijengea bila kuichukua ni mali yako hata kama ulifukuzwa kwa haki, na huhitaji kuuza madai mengine ili uzipate. Kama lazima usaini, andika kwa mkono wako "nimepokea, ila sikubaliani", weka tarehe, piga picha. Kisha wahi. Muda wa kupeleka malalamiko katika nchi nyingi ni mfupi, na nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu mtu alisubiri bosi apoe.

Kwenye usuluhishi wa yule mama, msuluhishi aliuliza swali moja tu kabla ya kufungua daftari: kikao cha nidhamu kilifanyika lini? Meneja akapekua faili, akarudi mwanzo, akapekua tena. Mchana huo walikubali kurudisha makato na kulipa saa za ziada pamoja na fidia. Kabla ya kusaini, mama aliomba cheti chake cha utumishi kiletwe kwanza. Akakisoma mstari kwa mstari kwa kidole, kuhakikisha hakuna mahali palipoandikwa upotevu wa mali, ndipo akachukua kalamu.