Lita 100 kwa dakika za kwenye kibao

Mteja kanitumia picha ya kibao cha pampu, na hesabu chini yake: lita 100 kwa dakika mara 60 ni lita 6,000 kwa saa, kwa hiyo simtank lake la lita 5,000 lilipaswa kujaa kwa dakika 50. Linachukua karibu saa mbili. Hukumu imeshatoka: fundi kafunga pampu feki. Kesi hii nimeichoka. Naiandika hapa ili atakayeileta tena nimtumie kiungo.

Hesabu yenyewe haina kosa. Lita 100 kwa dakika ni mita za ujazo 6 kwa saa. Lita 1 kwa sekunde ni mita za ujazo 3.6 kwa saa. Simu yako inayajua haya kuliko mimi. Tatizo ni zile herufi tatu ambazo kila mtu anaziruka: "max".

Q max ni maji ambayo pampu inatoa ikiwa haipandishi chochote. H max, tuseme mita 60, ni kimo ambacho ikifika inanguruma tu, tone halitoki. Hizo ni ncha mbili za grafu moja, na wewe umezisoma kama ahadi mbili za kutimizwa kwa pamoja. Haiwezekani, hata kwa pampu ya bei mbaya.

Maji ya kisima chako yako mita 35 chini pampu ikiwa inavuta. Nasema ikiwa inavuta, maana ikizimwa yanapanda, na watu hupenda kunipa kipimo cha asubuhi kabla ya kuwasha. Mnara wa tanki ni mita 6. Ongeza msuguano wa bomba, mita 4, jumla 45. Sasa fungua ile grafu iliyokuja kwenye boksi, kama hukuitupa. Kwenye mita 45, kwa pampu hii, unasoma lita 50 kwa dakika. 5,000 gawanya kwa 50: dakika 100. Feki iko wapi?

Hizo mita 4 za msuguano, kusema kweli, ni makisio. Majedwali yanachukulia bomba ni jipya. Bomba la chuma lililokula kutu kwa ndani, mpaka ulikate ndipo ulijue. Naongeza kidogo na kumwachia Mungu.

Kama kibao kimeandikwa galoni, uliza za nani. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza 4.546. Taarifa za visima vya enzi ya Mwingereza zikisema galoni 1,000 kwa saa, ni lita 4,546. Kikokotoo cha mtandaoni kikishika ya Kimarekani, lita 761 zimepotea. Na dumu la dukani, lile watu wanaloliita galoni, usilitie humo kabisa.

Huniamini? Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu, pimia pale juu bomba linapoingia tanki. Ikijaa kwa sekunde 24, ni lita 50 kwa dakika. Ukichelewa kubonyeza kwa sekunde 2 inasoma 46, basi usiniletee 0.8333 kwa sekunde. Sema hamsini hivi, inatosha.

Na kabla hujadai pampu kubwa zaidi, tafuta ripoti ya mchimbaji. Kama kisima kinatoa lita 2,500 kwa saa, hiyo unayoitukana, kwa lita zake 3,000 kwa saa, tayari inakizidi.