"Pick it up", si "pick up it": dhana potofu kuhusu vitenzi vya Kiingereza na maneno madogo yanayoandamana navyo

Wengi wetu tunaojifunza Kiingereza kwa kuanzia Kiswahili hatukwami kwenye maneno marefu. Mtu anatamka "postpone" na "investigate" bila shida, halafu anababaika kwenye "put it off" na "look into it", zenye maana hizohizo. Kinachomponza ni mahali pa kuweka "it". Dhana nyingi zinazosambazwa kuhusu vitenzi hivi huporomoka mara tu unapoondoa nomino na kuweka kiwakilishi.

Dhana: Neno dogo limeganda kwenye kitenzi, na kiwakilishi hufuata nyuma yake

Ukweli: "Pick up the phone" ni sahihi, na "pick the phone up" pia ni sahihi. Lakini ukiweka "it" badala ya "the phone", inabaki njia moja tu: "pick it up". Hali ni hiyohiyo kwa "turn it off", "fill it in", "throw them away" na "wake him up".

Sababu iko kwenye uzito wa maneno. Kiingereza hupenda kuweka mwisho kile ambacho ni kipya au kizito. "It" hutaja kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari, tena hutamkwa kwa sauti hafifu, kwa hiyo hukaa katikati na "up" ikabeba mkazo. Maelezo marefu hufanya kinyume chake. "She turned down the job they offered her in Mombasa" inasomeka vizuri. Ukiisogeza "down" hadi baada ya Mombasa, msomaji atakuwa ameshasahau kitenzi kilichoanza.

Sasa, si kila neno dogo linakubali kutenganishwa na kitenzi chake. "Look after him", "look at it", "wait for them": hapa kiwakilishi hukaa nyuma siku zote, na "look him after" ni kosa. Katika "pick up", neno "up" linafanya kazi ya kielezi. Katika "look after", neno "after" ni kihusishi, na kihusishi lazima kitangulie jina au kiwakilishi chake.

Ukiwa na shaka, jaribu kuchomeka kielezi kama "carefully" kati ya kitenzi na neno dogo: kikikubali, neno dogo ni kihusishi. "Look carefully at it" inapita, "pick quickly up the phone" haipiti. Au sikiliza mkazo: katika "the light I turned on", sauti hupanda kwenye "on", katika "the man I looked at", hupanda kwenye "looked", na "at" husikika kwa mbali.

Kuna maneno ambayo mahali pa kiwakilishi hubadilisha maana nzima. "We saw through it" maana yake tuling'amua ujanja uliokuwamo. "We saw it through" maana yake tulilisimamia jambo hadi likakamilika. "He turned it on": aliiwasha. "The dog turned on him": mbwa alimgeukia akamshambulia. Anayezichanganya hizi anasema jambo jingine kabisa, na msikilizaji huenda asijue kwamba kuna kosa.

Dhana: Kihusishi kikiwepo kwenye Kiswahili, kitakuwepo na kwenye Kiingereza

Ukweli: Kiswahili hubeba mtu ndani ya kitenzi chenyewe: nisubiri, nisikilize, niangalie. Kiingereza hudai kihusishi: "wait for me", "listen to me", "look at me". "Nieleze" huwaponza wengi zaidi, kwa sababu "tell me" na "show me" ni sahihi, basi mtu huunda "explain me". Kitenzi "explain" hutaka kwanza jambo linaloelezwa, kisha mtu pamoja na "to": "explain it to me". "Describe", "suggest" na "say" hufuata njia hiyohiyo.

Upande wa pili, tunajadiliana kuhusu jambo, tukaandika "discuss about it". Kiingereza husema "discuss it" tu. Vivyo hivyo "emphasize it", "request it", "enter the room". Sehemu ya mkanganyiko huu imo ndani ya Kiingereza chenyewe, maana nomino za vitenzi hivyo huchukua kihusishi: "a discussion about", "emphasis on", "a request for leave". Kwa maneno haya, ikiwa neno ni nomino, weka kihusishi. Ikiwa ni kitenzi, kiache.

Dhana: "Pick me at five" inatosha

Ukweli: Nairobi na Dar es Salaam inaeleweka bila tatizo, sawa na "I called but you didn't pick". Ila nje ya Afrika Mashariki "pick me" husikika kama "nichague". Sema "pick me up at five", na kwa simu "you didn't pick up". Kosa la kinyume ni "cope up with it", ambapo "up" haina kazi: ni "cope with it".

Dhana: Baada ya "to", kitenzi hubaki kitupu

Ukweli: Barua pepe nyingi za kuomba kazi huishia na "I look forward to hear from you". Jaribu kuweka "it": "I look forward to it" inakubalika, maana yake "to" hapa ni kihusishi, na kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "I look forward to hearing from you". Kwenye "I want to go" huwezi kuweka "it" baada ya "to", kwa hiyo "go" inabaki ilivyo. Kipimo hiki hutenganisha pia "I am used to waking early", yaani nimezoea, na "I used to wake early", yaani zamani nilikuwa nikiamka mapema.

Dhana: "Between you and I" ndiyo adabu

Ukweli: Baada ya kihusishi huja "me, him, her, us, them". Ni "between you and me". Kwenye "for my wife and I", mtoe aliyetajwa mwanzo usikie: hakuna asemaye "for I", basi ni "for my wife and me".

Dhana: Sentensi haiishii na kihusishi

Ukweli: Mwaka 1672 mshairi wa Kiingereza John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kumalizia sentensi na kihusishi, na lawama hiyo ikarithiwa na walimu. Mwanasarufi Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza cha 1762, aliona kutanguliza kihusishi kunapendeza zaidi katika maandishi mazito, lakini alikiri kwamba kukiacha mwisho ni mazoea ya lugha hiyo. "What are you looking for?" ni Kiingereza safi.

Dhana: Vitenzi vyenye maneno madogo ni vya mitaani tu

Ukweli: "Carry out" na "set up" zimejaa kwenye ripoti za utafiti na nyaraka za serikali.

Dhana: Dawa ni kukariri orodha

Ukweli: Orodha yenye "look up, look after, look into" haikuambii "it" itakaa wapi. Andika kwenye daftari "look it up", "look after him", "look into it". Kwenye kamusi ya wanafunzi kama ya Longman, tafuta mshale wenye ncha mbili kabla ya neno dogo: ukiuona, nomino inaweza kukaa upande wowote, ila kiwakilishi kiweke katikati.