Wasia kwa Chuo cha Ualimu Hauwanyimi Watoto Urithi

Hapa Mombasa, mwalimu mstaafu akitaja kwamba angependa kukiachia chuo alichosomea, tuseme kile cha Shanzu, sehemu ya mali yake ili iwasomeshe walimu wa kesho, hujibiwa upesi kuwa anawadhulumu wanawe. Si kweli. Kwa Mwislamu, ambaye mirathi yake nchini Kenya hufuata sheria ya dini yake, wasia kwa asiyekuwa mrithi hauvuki theluthi moja ya mali inayosalia baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa, isipokuwa warithi wenyewe waridhie. Kwa wengine, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, humruhusu aliyekuwa akimtegemea marehemu kwenda mahakamani iwapo hakutengewa cha kutosha.

Wapo pia wanaodhani fedha hizo humalizwa na mwanafunzi mmoja. Huenda, zikitolewa taslimu. Lakini zikiwekezwa katika mfuko wa kudumu, au nyumba ikifanywa wakfu (jambo ambalo Mji wa Kale unalijua tangu zamani), mtaji hauguswi, na faida au kodi ndiyo inayolipa karo mwaka baada ya mwaka.