Bia ya toleo maalumu: cha juu kiwe kiasi gani?

Kila toleo maalumu likitoka, ugomvi ni uleule. Mnywaji anaona chupa inauzwa mara tatu ya bei ya kiwandani, analalamika kwamba ameibiwa. Mwenye duka anajibu kwamba biashara ni biashara, asiyetaka aache. Wote wawili wanabishana kuhusu hesabu ambayo hakuna aliyeipiga. Msimamo wangu ni huu: cha juu cha muuzaji wa rejareja, yaani anachoongeza juu ya bei ya kununulia, kipimwe kwa pesa anayobaki nayo kwenye kila chupa, ikilinganishwa na kazi aliyofanya na hatari aliyobeba. Asilimia inadanganya. Ukipiga hesabu hiyo bila upendeleo, bia adimu inastahili asilimia ndogo kuliko bia ya kila siku.

Kwanza tusafishe hesabu yenyewe, maana hapa ndipo hata wenye maduka wazoefu wanapoteleza. Ukinunua kwa 100 ukauza kwa 140, umeongeza asilimia 40 juu ya bei ya kununulia, lakini faida ghafi ni 40 kati ya 140, yaani asilimia 28.6. Anayetaka faida ghafi ya asilimia 30 akaongeza 30 juu ya 100 atapata asilimia 23 tu, kisha mwisho wa mwezi atashangaa pesa imekwenda wapi. Njia sahihi ni kugawanya: 100 kwa 0.70, unapata 142.9. Na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itolewe kabla ya chochote. Bei ya rafuni ikiwa 168 na VAT ni asilimia 20, mapato yako ni 140. Zile 28 ni za serikali, zinapita tu mkononi mwako. Nimeona orodha nyingi za bei ambazo faida imekokotolewa juu ya bei yenye VAT ndani. Hizo zote ni uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Sasa fuata bia kutoka kiwandani. Tuseme mtengenezaji anauza kwa 100, msambazaji anachukua faida ghafi ya asilimia 28, na duka vilevile. Kwa msambazaji bei inakuwa 138.9, dukani 192.9, na ukiongeza VAT ya asilimia 20 inafika 231.5. Kwa hiyo kila 1 inayoongezeka kiwandani inamfikia mnywaji ikiwa 2.3. Mtengenezaji akiweka vanila ya 10 kwenye chupa, wewe unailipia 23. Hakuna aliyefanya ujanja hapo. Ni asilimia tu inayopanda juu ya asilimia nyingine, na ndiyo sababu bia yenye malighafi ghali hukimbia bei haraka kuliko gharama yake halisi.

Na malighafi ni ghali kweli. Lager ya kawaida inahitaji kilo 18 hivi za kimea kwa kila lita 100. Stauti nzito ya kiwango cha juu inakula zaidi ya kilo 50, kwa sababu mtengenezaji anachukua maji mazito ya mwanzo ya kimea tu na sukari nyingi inabaki kwenye machicha. IPA zito za ukungu, bia zenye harufu kali ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), huwekewa hopsi za baridi, zisizochemshwa, gramu 15 hadi 25 kwa lita, na hopsi hizo hunywa bia: sehemu nzuri ya tangi inabaki imelowa kwenye majani badala ya kwenda kwenye makopo. Bia ya pipani ina mzigo wake. Pipa la mbao lililokuwa na bourbon, wiski ya Kimarekani, hubeba lita 200 hivi, hukaa mwaka mzima au zaidi, sehemu huvukiza, na mengine huharibika yakamwagwa. Kwa lambiki, bia chachu ya Ubelgiji, iliyochanganywa ya miaka mitatu, kama wanavyofanya kiwanda cha Cantillon na wenzao wa Brussels na vitongoji vyake, mtengenezaji amefunga mtaji kwa muda ambao lager ingekuwa imezunguka mara kadhaa.

Lakini angalia nani amebeba hayo yote. Ni mtengenezaji, na tayari ameyaweka kwenye bei yake. Muuzaji anayekueleza kwamba bei ni kali kwa sababu ya pipa na vanila anakutoza kwa kitu ambacho mwenzake ameshakutoza.

Basi duka limebeba nini? Chukua bia ya kawaida inayonunuliwa kwa 100 na kuuzwa 140 kabla ya VAT. Ile 40 inalipia kupokea mzigo, nafasi ya rafu na friji kwa wiki kama sita, mtu wa kaunta, umeme, na faida yenyewe. Sasa chukua chupa adimu inayonunuliwa kwa 400. Ukiiongezea asilimia 40 ileile unauza 560 na unabaki na 160, mara nne ya ile ya kwanza. Kazi je? Inapokelewa kwenye kreti ileile, inapigwa kwenye mashine ileile, na imeisha kabla ya jioni. Haikukaa kwenye friji yako wiki sita. Mtaji wako umerudi kabla hujamlipa msambazaji.

Hesabu ninayoitumia inaanza na 40, ile faida ya bia ya kawaida, kisha inaongeza gharama halisi moja baada ya nyingine. Tuseme duka limepata chupa 48. Ada ya malipo ya kadi, asilimia 2 ya bei yenye VAT: 12 hivi. Chupa kuvunjika na wizi, asilimia 1 ya bei ya kununulia: 4. Siku ya kuuza unahitaji mtu mmoja wa kusimamia foleni kwa saa tatu. Saa moja ikigharimu 600, ni 1,800, ukigawa kwa chupa 48 ni 38. Jumlisha: 400, 40, 12, 4 na 38 ni 494. Ni asilimia 23.5 juu ya bei ya kununulia, na hakuna gharama iliyosahauliwa.

Hapo mwenye duka atainua mkono, na ana hoja. Mgawo wa bia adimu haumwangukii mtu hivihivi. Msambazaji anaangalia nani amenunua bia zake mwaka mzima, pamoja na zile zinazolala. Kupata kreti mbili za ile inayotafutwa, duka limechukua mzigo ambao makopo 30 yake yameuzwa kwa bei ya kununulia ili yasioze rafuni. Faida iliyopotea ni 40 mara 30, yaani 1,200. Gawa kwa 48, ni 25. Bei inafika 519, karibu asilimia 30. Naikubali nyongeza hiyo, kwa sharti kwamba inatoka kwenye daftari, haitoki kichwani. Ninachoona mara kwa mara ni mtu aliyepoteza 1,200 kwenye bia zilizolala anafidia kwa kuongeza 20,000 kwenye zilizokimbia.

Marekani jambo hili lina pembe ya kisheria. Tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa Desemba 1933, majimbo mengi yanatenganisha mtengenezaji, msambazaji na muuzaji, kila mmoja na leseni yake. Kanuni za shirikisho zinahesabu kumlazimisha muuzaji achukue bidhaa moja ili apewe nyingine kuwa mbinu iliyokatazwa, ingawa kwa bia utekelezaji wake unategemea pia sheria ya jimbo. Kumpendelea mteja mzuri ni jambo jingine, na mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba sana.

Baa zina hesabu yake. Kegi, yaani pipa la chuma la bia ya bomba, ya lita 20 ukiigawa kwa glasi za mililita 150 unapata glasi 133 kwenye karatasi, lakini povu, mpira unaopeleka bia kwenye bomba na masalia ya mwisho yanakula asilimia 8 au zaidi, na unabaki na glasi 122. Kegi ikigharimu 20,000, kila glasi imekugharimu 164, haikukugharimu 150. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 9.5 unashika mililita 71 kwa kila mita. Mita kumi ni lita 0.7, ambazo zinamwagwa unapobadilisha bia. Kwenye kegi kubwa ya lita 50 hilo si kitu. Kwenye kegi ndogo ya bia ghali ni asilimia 3.5 imeenda kwenye mfereji, kwa hiyo funga bia adimu kwenye bomba lenye mpira mfupi kuliko yote. Stauti yenye kahawa au nazi inaacha harufu kwenye mpira hata baada ya kuuosha, wakati mwingine mpira wenyewe unatupwa. Gharama hizi ni za kweli na baa ina haki nazo. Mazoea ya kuzidisha gharama ya glasi mara nne hayana haki hiyo: bia ya 40 ikiuzwa 160 baa inabaki na 120, ya 164 ikiuzwa 656 inabaki na 492, kwa kiti kilekile na glasi ndogo zaidi. Na kama mteja, linganisha bei kwa lita. Glasi ya mililita 100 huficha mengi.

Sasa tuje kwenye ile hoja kubwa: soko ndilo linaloamua, kama watu wako tayari kulipa 1,200 kwa nini niuze 519? Jibu langu ni kwamba pengo kati ya 519 na 1,200 liliachwa na mtu kwa makusudi, na mtu huyo ni mtengenezaji. Angeweza kupandisha bei yake mwenyewe. Watawa wa abasia ya Sint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji, wanatengeneza bia inayogombaniwa dunia nzima na wanaiuza kwa bei ya bia ya kawaida, kwa kuweka oda kwanza, kwa kiwango maalumu kwa kila mtu, na kwa sharti la kutoiuza tena. Mwaka 2018 maduka ya kampuni moja huko Uholanzi yaliiweka rafuni kwa karibu euro 10 chupa moja, ilhali kwa watawa ilikuwa chini ya euro 2. Watawa walilalamika hadharani. Pengo lile lilikuwa zawadi kwa mnywaji, na duka lilijikatia kipande kisichokuwa chake. Huo ni ulanguzi, hata ukiwa na risiti.

Mtengenezaji anaweza kufanya nini? Zaidi ya watu wanavyodhani. Mwaka 1997, katika kesi ya State Oil dhidi ya Khan, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba msambazaji kumwekea muuzaji bei ya juu kabisa si kosa moja kwa moja chini ya sheria ya shirikisho ya ushindani. Inapimwa kulingana na mazingira. Umoja wa Ulaya nao unaruhusu bei ya kupendekeza na kikomo cha juu, mradi kisiwe njia ya kificho ya kupanga bei moja na sehemu ya soko ya kila upande isizidi asilimia 30. Kupanga bei ya chini ni hadithi nyingine, usiiguse bila mwanasheria. Njia rahisi zaidi ni kuchapisha bei inayopendekezwa kwenye tangazo la toleo lenyewe, ili kila mnywaji aijue kabla hajafika dukani, na kupanga mgawo wa mwaka ujao kwa kuangalia nani aliiheshimu. Au kuuzia kwenye baa zake mwenyewe, kama kiwanda cha Russian River wanavyofanya na bia yao ya Pliny the Younger kila mwaka huko California.

Bei ya haki ina tatizo lake: inavuta walanguzi kwenye foleni. Duka linalouza 519 bila utaratibu litauza zote kwa watu watano. Chupa moja au mbili kwa mtu, bei na idadi zitangazwe siku moja kabla, na bahati nasibu ya majina badala ya foleni kama chupa ni chini ya hamsini. Bahati nasibu pia inafuta ile 38 ya mtu wa foleni, nawe uishushe kwenye bei. Chupa za kuwekea marafiki chini ya kaunta zihesabiwe na zitajwe. Wateja hujua tu.

Kuhifadhi chupa ili zizeeke ni kazi ya kweli na inalipwa. Mtaji wa 400 kwa gharama ya asilimia 12 kwa mwaka unakuwa 562 baada ya miaka mitatu, kabla ya nafasi na ubaridi. Hatari nayo ipo: mwaka 2016 kiwanda cha Goose Island cha Chicago kililazimika kurudisha pesa kwa wanunuzi wa baadhi ya chupa za Bourbon County, bia zake za pipani, za 2015, baada ya bakteria ya laktobasili kuzichachusha. Mwenye duka aliyebeba hatari hiyo miaka mitatu anaweza kudai 700 nami nitamwelewa. Aliyeipokea Jumatano na kuiuza 700 Ijumaa hana la kunieleza.

Kwa IPA ya ukungu mshale unageuka. Harufu ya hopsi huanza kufifia ndani ya wiki chache hata kwenye friji, na haraka zaidi ikiwa nje. Soma tarehe ya kujazwa chini ya kopo. Ikifika wiki ya sita bado ipo rafuni kwa bei ya siku ya kwanza, ishushwe mpaka bei ya kununulia. Ikifika wiki ya kumi, chini ya hapo, na kibandiko kionyeshe tarehe kwa maandishi makubwa.