Uso wa metali haukai mtupu: dhana potofu na ukweli

"Ukishapiga msasa, chuma kimetakata." Hasha. Sentimita moja ya mraba ya metali ina atomi karibu milioni bilioni moja usoni, na molekuli za hewa huziangukia zote ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde. Msasa una kazi yake: huondoa kutu, ingawa hauondoi mafuta wala unyevu, ambao hidrojeni yake huacha vitundu kwenye alumini iliyochomelewa. Lakini oksijeni imeshanata tena kabla hujauweka chini.

"Tabaka la atomi moja halibadilishi kitu." Tungsteni safi, metali ngumu isiyoyeyuka upesi, huhitaji nishati ya elektroni-volti (kipimo kidogo sana cha nishati) 4.5 hivi ili kuachia elektroni. Atomi za sesiamu, metali laini, zikinata juu yake, hitaji hilo hushuka hadi karibu 1.6. Katika nyuzi 727 za Selsiasi, kushuka kwa elektroni-volti moja tu huongeza mkondo wa elektroni zinazotoka mara laki moja hivi. Oksijeni hufanya kinyume: hulipandisha hitaji hilo.

"Basi atomi zilizonata zikizidi, athari inazidi." La. Sesiamu hufikia kilele kabla tabaka halijajaa. Zikisongamana, chaji zao hupunguzana nguvu, na hitaji la nishati huanza kupanda tena.

Linalowahusu zaidi mafundi wa jua kali ni hili: "Stenlesi za daraja moja huchomeka sawa." Daraja la 304, stenlesi inayotumika sana, huruhusiwa kuwa na salfa hadi asilimia 0.030, na ndani ya mpaka huo mna mabamba mawili tofauti kabisa. Salfa ikiwa chini ya 0.003 hivi, chuma kilichoyeyuka huvutwa kutoka katikati penye moto kwenda kingoni, kwa sababu mvuto wa uso (nguvu inayoukaza uso wa kimiminika kama ngozi) hupungua joto likipanda. Mshono unakuwa mpana na wa juujuu. Salfa ikifika 0.01, atomi zake hujikusanya usoni. Penye moto mkali huachia, mvuto hapo huwa mkubwa kuliko kingoni, na chuma hutiririka kuelekea katikati kisha chini. Mshono unazama.

Ndiyo maana tangi la maziwa unalochomelea leo kwa agoni, gesi inayokinga mshono dhidi ya hewa, linaweza kuvuja ingawa la mwezi jana lilitoka vizuri, kwa mkondo uleule na mkono uleule: bamba ndilo limebadilika. Kupandisha ampea bila kujua sababu mara nyingi kunaongeza upana tu. Ukiunganisha mabamba ya salfa tofauti, dimbwi la chuma kilichoyeyuka huhamia upande wenye salfa kidogo, na kiungo kinakosa kuyeyuka vizuri chini.

Muulize muuzaji cheti cha kiwandani, utazame salfa ya kila bamba. Kama hakuna, chomelea kipande cha mabaki kutoka bamba hilohilo, kikate mshono katikati, upime kina chake kabla ya kugusa kazi ya mteja.