Babu hana faili la pensheni? Haimaanishi hakupigana

Wengi wanaofuatilia ukoo Marekani wanaamini babu aliyepigana vita vya uhuru vya Marekani, 1775 hadi 1783, lazima awe na faili la pensheni (maombi yake ya malipo ya askari), likikosekana basi hakupigana. Inaeleweka, mana kwenye hayo mafaili mzee anajieleza mwenyewe, raha sana kusoma. Ila sheria ya pensheni ya 1818 ilikuwa ya askari wa jeshi kuu (Continental Army) wenye shida, wanamgambo wa mpakani, kwa mfano kule jimbo la Kentucky, walisubiri mpaka sheria ya 1832 na walitakiwa wawe wametumikia angalau miezi 6, wengi walishafariki. Afu moto wa 1800 kwenye ofisi ya Wizara ya Vita ukaunguza kumbukumbu nyingi za jeshi. We cheki orodha za kodi, wosia na hati za ardhi, tena kama babu aliishi Kentucky tafuta jimbo la Virginia pia, Kentucky ilikuwa sehemu yake mpaka 1792. Na jina kufanana tu haitoshi, linganisha mke, watoto na majirani.