Je, wajua kwa nini hisia za raha hubaki baada ya upasuaji wa kubadili jinsia?

Wengi hudhani mtu akishafanyiwa upasuaji wa viungo vya uzazi ili mwili wake uwiane na jinsia anayoishi nayo, raha ya kujamiiana ndiyo imekwisha. Wanachowaza ni kisu kinachokata na kutupa. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhamisha, na kinacholindwa kuliko vyote ni mishipa ya fahamu.

Kwa mwanamke aliyezaliwa na maumbile ya kiume, sehemu ya kichwa cha uume hupunguzwa ikawa kisimi, ikiwa bado imeshikana na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Ngozi ya uume huingizwa ndani ikawa kuta za uke, mbinu ambayo Mfaransa Georges Burou aliianzisha Casablanca, Moroko, miaka ya 1950. Kwa kuwa mshipa wa fahamu haukukatwa, wengi hufika kileleni wakishapona, japo huwabidi kuujifunza mwili upya.

Kwa mwanamume aliyezaliwa na maumbile ya kike, akijengewa uume kwa ngozi ya mkono, safari ni ndefu zaidi. Mshipa wa fahamu uliokuja na ngozi hiyo huungwa na mmoja wa mishipa ya kisimi, kisha hungojwa uote, takriban milimita 1 kwa siku. Piga hesabu: sentimita 12 ni miezi 4 kwa uchache, na wengi hungoja mwaka na zaidi. Kisimi chenyewe mara nyingi huachwa, kikafichwa kwenye shina la uume mpya, kwa hiyo raha ya awali haipotei wakati mpya inasubiriwa. Uume huo hausimami wenyewe. Kifaa cha kuusimamisha huwekwa baadaye, hisia zikisharudi, maana ngozi isiyohisi haiwezi kumwonya mtu kwamba kifaa kinaichubua.

Tena ni upasuaji huu uliosahihisha vitabu. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon, Marekani, walichunguza vipande vya mishipa vilivyotolewa na wagonjwa 7 wa aina hii, wakakadiria kwamba kisimi kina nyuzi za fahamu zaidi ya 10,000. Zile 8,000 zilizokuwa zikinukuliwa miaka yote zilitokana na ng'ombe!

Raha ikirudi, matunzo nayo yana mambo yake. Uke uliotengenezwa kwa ngozi hautoi ute wa kutosha, hivyo kilainishi ni cha lazima. Husinyaa pia usipopanuliwa kwa kifaa maalumu, kila siku katika miezi ya mwanzo. Kuingiliwa kwa kawaida husubiri miezi 3 hivi. Kondomu bado inahitajika, kwani magonjwa ya zinaa huambukizwa vilevile. Mwanamume aliyebaki na mfuko wa uzazi na ovari anaweza kushika mimba hata akitumia testosteroni (homoni ya kiume), na akiwa na shingo ya kizazi aipime saratani kama kawaida.

Linalosahaulika zaidi ni tezi dume. Haiondolewi katika upasuaji wa kutengeneza uke. Inaweza kuongeza raha, na inaweza kupata saratani, ingawa ni nadra. Homoni za kike hushusha PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kugundua saratani hiyo, kwa hiyo majibu yanayoonekana ya kawaida huenda yakaficha tatizo ikiwa daktari hajaambiwa kwamba mgonjwa anazitumia.